Kope zinapokataa kuinuka: Mgonjwa wa Turkana na kidonge cha kila saa nne

MTU anayefika katika zahanati ya mashambani Turkana akiwa na kope zilizoanguka ana uwezekano mkubwa wa kuambiwa kwamba anaugua vikope. Jibu hilo si la kushangaza. Vikope vimewatesa wakazi wa kaunti hiyo kwa vizazi vingi. Vumbi ni jingi, maji ya kunawa uso ni ya kutafutwa mbali, na muuguzi aliyeko zamu amefunzwa, tena vyema, kuyashuku maradhi hayo kabla ya mengine. Atampa mgonjwa dawa ya macho ya kupaka ya tetrasaiklini, au vidonge vya azithromisini, kisha amwambie arudi baada ya muda.

Hata hivyo, miongoni mwa wengi hao hutokea mmoja ambaye macho yake hayana usaha wala kope zilizopinda na kukwaruza mboni. Anapoamka alfajiri, macho yamefunguka sawasawa. Jua likifika utosini, kope moja inaanza kushuka. Jioni akiwahesabu mbuzi wanaporejea zizini, kila mbuzi anamwona wawili. Akila, taya linachoka kabla ya tumbo kushiba. Akizungumza kwa muda mrefu sauti inageuka ya puani, maneno yanaburura, na majirani wananong'onezana kwamba amelewa. Akilala usiku, asubuhi yake yu mzima tena, jambo linalowafanya jamaa zake wazidi kuamini kwamba anajisingizia.

Huyo hana vikope. Yamkini ana miasthenia gravisi. Na ile azithromisini aliyopewa kwa nia njema ni mojawapo ya dawa zinazoweza kuyachochea maradhi yake hadi misuli ya kupumua ishindwe na kazi.

Jina la ugonjwa huu limetoka katika Kigiriki na Kilatini, na maana yake ni udhaifu mzito wa misuli. Katika dawati la uhariri tumezoea kuuandika kuwa "ugonjwa wa kulegea misuli", tafsiri ambayo binafsi hainiridhishi, kwa sababu misuli yenyewe haina kasoro. Tatizo liko mahali ambapo neva inakutana na msuli.

Neva haigusani na msuli moja kwa moja. Baina yao kuna mwanya mdogo mno, na amri ya ubongo huuvuka mwanya huo kwa njia ya kemikali iitwayo asetilikolini. Ichukulie kemikali hiyo kuwa tarishi anayebeba barua. Upande wa pili, kwenye msuli, kuna milango ya kumpokea, ambayo wataalamu huiita vipokezi. Katika miasthenia gravisi, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini vya maradhi, hugeuka na kuishambulia milango hiyo. Mingi huharibiwa, mingine huzibwa. Matarishi wa kwanza hupata pa kuingilia na msuli hutii. Lakini kadiri kazi inavyoendelea ndivyo matarishi wanavyopungua, na milango iliyosalia haitoshi. Msuli unalegea. Mtu akipumzika, akiba ya matarishi inarudi, na nguvu zinarejea kwa muda.

Hiyo ndiyo sababu ya maradhi haya kupanda na kushuka katika siku moja, na ndiyo dalili kuu inayoyatenganisha na kiharusi au kupooza kwa uso. Joto huyazidisha. Mtu wa Lodwar, ambako nyuzijoto 35 mchana ni jambo la kawaida, anaumwa katika mazingira yasiyomhurumia.

Hayaambukizi. Kwa kawaida hayarithiwi. Hayahusiani na laana wala jicho la hasidi. Huwapata wanawake zaidi wakiwa na umri wa chini ya miaka 40, na wanaume zaidi wakishapita 60, ingawa mtoto pia anaweza kuugua. Wapenzi wa filamu za Kihindi watamkumbuka Amitabh Bachchan, ambaye katika miaka ya 1980, baada ya kuumia vibaya mwaka 1982 wakati wa kutengeneza filamu ya Coolie, alibainika kuwa na ugonjwa huu na bado akaendelea kuigiza kwa miongo mingine mingi. Wapenzi wa rege nao watamkumbuka Augustus Pablo wa Jamaika, mpulizaji wa melodika, aliyeishi nao hadi alipofariki 1999. Mmoja alifika uzeeni na mwingine hakufika.

Dawa ya kwanza iliyofaa ilitokana na sumu, tena sumu ya Afrika. Katika eneo la Calabar, kusini mashariki mwa nchi ambayo leo ni Nigeria, mshukiwa wa uchawi alikuwa akilishwa maharage fulani yenye sumu kali. Akitapika na kupona, hana hatia; akifa, kesi imekwisha. Ni desturi isiyo tofauti na mwavi uliojulikana kwetu Afrika Mashariki. Wamishonari wa Uskoti walizipeleka mbegu hizo kwao katika karne ya 19, na wanakemia wakatoa ndani yake kitu walichokiita fisostigmini. Mwaka 1934, daktari aitwaye Mary Walker, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya watu maskini ya St Alfege huko Greenwich, London, aligundua kwamba wagonjwa wa miasthenia walifanana na watu waliotiwa sumu ya kurare, ambayo hulegeza misuli. Alijua kwamba fisostigmini ni kiuasumu cha kurare. Akamdunga mgonjwa wake, na kope iliyokuwa imeanguka ikainuka.

Walichoendeleza wenzake baadaye ni kutafuta binamu wa dawa hiyo aliye mpole zaidi. Ikatumika neostigmini, kisha piridostigmini, ambayo ilianza kuuzwa katika miaka ya 1950 na hadi leo ndiyo tegemeo la kwanza la wagonjwa duniani kote. Kazi yake ni rahisi kueleza. Mwilini kuna kimeng'enya ambacho humfagia yule tarishi mara anapomaliza kazi. Piridostigmini humzuia mfagiaji, matarishi wakakaa mwanyani kwa muda mrefu zaidi, na ile milango michache iliyosalia ikapata kutumika vyema. Haiponyi ugonjwa. Inampa mgonjwa saa kadhaa za nguvu, naye anazitumia kula, kutembea, kuzungumza na kupumua.

Dawa hiyo si ngeni na haimilikiwi na kampuni moja. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu, kidonge cha miligramu 60. Kwa nini basi iwe adimu Turkana?

Sehemu ya jibu iko katika saa. Kidonge huanza kufanya kazi baada ya nusu saa au zaidi kidogo, na nguvu yake huisha baada ya saa tatu hadi sita. Mgonjwa wa kawaida hukimeza mara nne au tano kwa siku. Anayemeza vinne anahitaji vidonge 120 kwa mwezi na 1,460 kwa mwaka. Anayeugua shinikizo la damu akikosa dawa kwa siku mbili huenda asihisi lolote. Huyu akikosa kuanzia asubuhi, jioni huenda asiweze kumeza mate yake. Ugavi wa dawa unaokatika kwa wiki moja tu, jambo ambalo katika zahanati zetu halimshtui mtu, kwake ni hatari ya kifo.

Sehemu nyingine iko katika njia. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni takriban kilomita 120. Kutoka Lodwar hadi Eldoret, iliko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ni zaidi ya kilomita 350 kupitia Kitale, na mgonjwa hana budi kuvuka Kainuk, mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi, ambako mashambulizi ya majangili yamewahi kuwazuia wasafiri mara nyingi. Mvua ikinyesha milimani, lagha zinajaa kwa ghafla na magari yanasubiri ng'amboni. Wataalamu wa neva wa Kenya ni wachache na wengi wao wako Nairobi. Safari moja ya kumwona daktari, pamoja na malazi na msindikizaji, humla mfugaji mbuzi kadhaa kabla hata hajaandikiwa dawa.

Lakini sehemu ya jibu inayoniudhi zaidi ni ya makaratasi. Tangu afya igatuliwe mwaka 2013, ni kaunti inayoamua dawa gani zinunuliwe, nyingi kupitia shirika la KEMSA, na hesabu ya kuagiza hutegemea sana kiasi kilichotumika awali. Dawa ambayo haikutumika mwaka jana haiagizwi mwaka huu. Haikutumika kwa sababu haikuwapo, na haikuwapo kwa sababu haikuagizwa. Mgonjwa wa miasthenia hahesabiwi mahali popote katika mzunguko huo. Bima nayo haimwokoi hapo: hata baada ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) kuchukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, kadi ya bima haileti kidonge ambacho hakipo kwenye rafu.

Ni wagonjwa wangapi? Tafiti nyingi za nchi zilizoendelea hutaja kati ya watu 150 na 200 katika kila milioni. Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi 926,976 katika Kaunti ya Turkana. Ikiwa uwiano ni huo huo, tungetarajia zaidi ya wagonjwa mia moja. Hesabu hiyo ni ya kalamu tu, na takwimu zilizochapishwa kutoka Afrika huwa chini zaidi, ama kwa sababu ugonjwa ni haba kweli, ama kwa sababu hakuna anayeutafuta. Hata tukiigawa kwa nne, wanabaki watu wa kutosha kujaza matatu moja na wengine kusimama mlangoni.

Idadi ndogo kama hiyo ingepaswa kurahisisha mambo. Kaunti haihitaji ghala. Inahitaji daftari moja katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Lodwar, lenye jina la kila mgonjwa na idadi ya vidonge vyake, na mfamasia mmoja aliyepewa jukumu la kuhakikisha kwamba daima kuna akiba ya miezi mitatu. Vidonge vyenyewe vinaharibiwa na unyevu na joto, hivyo vinafaa kuhifadhiwa katika chupa yake iliyofungwa vizuri, si kuhesabiwa ndani ya bahasha ya karatasi kama panadol. Pasipo mpango huo, kinachotendeka ni kile ambacho jamaa za wagonjwa wa maradhi adimu hulazimika kufanya kote kaskazini: kumpigia simu ndugu aliye Eldoret au Nairobi, kumtumia pesa kwa M-Pesa, naye anunue dawa na kuikabidhi kwa basi la usiku. Njia hiyo hufanya kazi hadi siku basi linapokwama.

Kakuma kuna ugumu wa aina yake. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata 2016. Mji una hospitali ya misheni, na kambini kuna hospitali ya Ammusait na zahanati kadhaa zinazoendeshwa na mashirika. Mkimbizi hawezi kuondoka atakavyo kwenda kumwona mtaalamu Eldoret. Anahitaji kibali cha kusafiri, na rufaa yenye gharama kubwa hupitia kamati inayopima uwezekano wa kupona na bei ya matibabu. Maradhi yasiyopona, yanayohitaji dawa ya maisha, hayana sura nzuri mbele ya kamati yoyote. Halafu mwaka 2025 Marekani ilikata misaada yake, na mgao wa chakula kambini ukapunguzwa vikali. Mtu ambaye taya lake linachoka kwa kutafuna mahindi makavu yaliyochemshwa huwezi kumshauri ale vyakula laini ilhali hana hata hayo mahindi.

Pana jambo moja, hata hivyo, ambalo nadhani halijulikani vya kutosha. Hospitali inayofanya upasuaji mkubwa kwa kawaida huwa na neostigmini, ndugu wa piridostigmini, ndani ya kabati la mtaalamu wa nusukaputi. Huitumia kumzindua mgonjwa aliyelegezwa misuli wakati wa kupasuliwa. Dawa hiyo haikai mwilini kwa muda mrefu, hudungwa kwa uangalifu pamoja na atropini ili moyo usipunguze mapigo kupita kiasi, na si ya kupewa mtu nyumbani. Lakini kwa mgonjwa aliyefika hospitalini akiwa ameishiwa vidonge, hali haijawa mbaya na basi la dawa liko njiani, daktari anayekumbuka kabati hilo anaweza kununua muda.

Piridostigmini pekee haiwatoshi wengi. Inaficha dalili huku kinga ikiendelea kubomoa milango. Ndiyo sababu matibabu kamili hulenga pia kuituliza kinga yenyewe, na hapa habari ni afadhali kidogo, kwa kuwa dawa inayotangulia, prednisoloni, ni rahisi na hupatikana karibu kila mahali. Ila ni dawa ya kuogopwa na kuheshimiwa. Ikianzishwa kwa kipimo kikubwa, katika wiki chache za mwanzo inaweza kumzidishia mgonjwa udhaifu kabla ya kumpa nafuu, hivyo madaktari wengi huanza na kiasi kidogo na kukipandisha polepole. Hupunguza nguvu ya mwili kupambana na maambukizi. Katika kaunti yenye kifua kikuu na kala-azar, ni lazima magonjwa hayo yatafutwe kabla ya kidonge cha kwanza, kwa sababu kinga ikilazwa yanaweza kuamka. Na mtu aliyeitumia kwa miezi haruhusiwi kuiacha kwa siku moja.

Azathioprini huongezwa ili prednisoloni ipunguzwe. Subira inahitajika, kwani huweza kuchukua miezi sita hadi mwaka mzima na zaidi kabla ya kuonyesha matunda, na damu sharti ipimwe mara kwa mara kuangalia ini na chembechembe nyeupe. Kipimo hicho cha damu ni cha kawaida, na mgonjwa hahitaji kufika Nairobi kwa ajili yake.

Upasuaji nao una nafasi yake. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thimasi, shule ambamo askari wa kinga hufunzwa utotoni. Kwa wagonjwa wengi wa miasthenia shule hiyo imeharibika, na takriban mmoja kati ya kumi huwa na uvimbe ndani yake ambao sharti uondolewe. Hata pasipo uvimbe, utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016, uliowahusisha wagonjwa 126 wenye umri wa kati ya miaka 18 na 65, ulionyesha kwamba waliotolewa tezi walipata nguvu zaidi na kuhitaji prednisoloni kidogo kuliko wenzao. Kwa kijana wa Turkana, upasuaji mmoja unaoweza kumpunguzia safari za miaka mingi unastahili kujadiliwa mapema na wataalamu wa Eldoret au Nairobi. Picha ya eksirei ya kifua pekee haitoshi kuuondoa wasiwasi wa uvimbe.

Mgonjwa anapozidiwa na kushindwa kupumua, hospitali kubwa humpa protini za kinga zilizokusanywa kutoka kwa wachangiaji damu, au humsafishia majimaji ya damu kwa mashine ili kuondoa zile kingamwili zinazoshambulia. Njia zote mbili hufanya kazi kwa siku chache na faida yake hudumu wiki kadhaa. Zote ni ghali. Dawa mpya kabisa, kama vile ekulizumabu iliyoidhinishwa Marekani kwa maradhi haya mwaka 2017, huko hugharimu mamia ya maelfu ya dola kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Nazitaja ili msomaji aliyezisoma kwenye intaneti asidhani amefichwa kitu. Kwa Lodwar si mjadala wa leo. Rituksimabu, ambayo vituo vya saratani huitumia, iko karibu zaidi, na huwafaa hasa wale wagonjwa wachache ambao kinga yao hushambulia kipokezi cha aina nyingine na ambao piridostigmini huwasaidia kidogo.

Tumrudie yule mtu wa zahanati, mwenye kope zilizoanguka. Kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili hizo hakifanywi katika maabara za kawaida, na sampuli ya Kakuma ina safari ndefu. Lakini kuna kipimo kisichohitaji maabara. Kope ikiwa imeanguka, funga barafu ndani ya kitambaa, iweke juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika mbili, kisha uondoe. Baridi huukawiza utendaji wa kile kimeng'enya kinachofagia. Kope ikiinuka kwa milimita mbili au zaidi, shaka ya miasthenia inakuwa kubwa. Barafu hiyo ipo. Zahanati zinazotoa chanjo huwa na vifurushi vya barafu kwa ajili ya visanduku vya kubebea dawa, na mjini Lodwar baadhi ya samaki wa Ziwa Turkana huletwa sokoni kwa barafu.

Kipimo cha pili ni cha kuhesabu. Mwambie mgonjwa avute pumzi ndefu, kisha ahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine, kwa lugha yoyote aipendayo, iwe Kiturkana, Kisomali au Kiarabu cha Juba. Mtu mzima mwenye mapafu salama hupita 30 bila taabu. Mwenye udhaifu akishindwa kufika 20, huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kesho, na ambulensi ibebe mfuko wa kupumulishia kwa mkono. Dalili nyingine za kutosubiri ni kukohoa kusiko na nguvu, kupaliwa na maji, na shingo kushindwa kukibeba kichwa.

Aliyekwisha kuanza dawa na kudhoofika ghafla asiongezewe vidonge kiholela. Piridostigmini ikizidi mno nayo huleta udhaifu, ukiambatana na mate mengi, jasho, tumbo kuharisha na mboni za macho kuwa ndogo. Wawili hao, aliyepungukiwa na aliyezidishiwa, hufanana kwa mbali, na wote ni wa hospitali.

Waislamu wa Kakuma na Lodwar huuliza kila mwaka kuhusu mwezi wa Ramadhani, kwa wagonjwa wa kila aina. Kwa mwenye dawa ya kila saa nne swali hili lina uzito wa pekee, na jibu la kitabibu ni kwamba pengo la saa kumi na tatu bila kidonge ni hatari. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua.

Mama mjamzito aliye na miasthenia anaweza kujifungua salama, ila asijifungulie nyumbani. Takriban mtoto mmoja kati ya kumi wa akina mama hao huzaliwa akiwa amelegea na asiyeweza kunyonya vizuri, kwa sababu kingamwili za mama zimempitia. Hali hiyo huisha yenyewe baada ya wiki chache endapo mtoto atasaidiwa kulishwa na kupumua. Mkunga naye ni lazima ajue mapema: salfeti ya magnesiamu, ambayo huokoa maisha ya akina mama wenye kifafa cha mimba, inaweza kumzimia pumzi mama huyu.

Hilo linatufikisha kwenye dawa zenyewe zinazopaswa kuepukwa. Kwa Turkana ya kwanza ni kwinini. Malaria ni maradhi ya kila msimu huko, na ingawa dawa za artemisini ndizo zinazotangulia siku hizi, kwinini bado huonekana pale nyingine zinapokosekana. Klorokwini, inayouzwa kiholela kwingineko, ni ya kundi hilo la hatari. Halafu zipo za bakteria: gentamisini ya sindano, siprofloksasini ambayo watu hujinunulia kwa kuharisha, erithromisini, na azithromisini tuliyoanza nayo. Zipo pia baadhi ya dawa za moyo na shinikizo la damu, kama vile propranololi na atenololi. Si kwamba hazitumiki kamwe. Daktari anaweza kuamua kwamba maambukizi ni hatari zaidi, akampa mgonjwa huku akimlinda. Na hili lisimfanye mtu mwenye afya akatae azithromisini inayogawiwa kwa umma kupambana na vikope. Wanaohusika ni wale wenye ugonjwa huu tu, na wale ambao kope zao huanguka mchana na kuinuka asubuhi.

Mgonjwa anashauriwa kubeba kadi, hata kama ni kipande cha boksi kilichofungwa kwa nailoni dhidi ya mvua. Kadi iandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza: jina lake, maneno "nina miasthenia gravisi", kipimo cha piridostigmini na saa za kukimeza, namba ya simu ya jamaa, na orodha ya dawa hizo hapo juu, kwinini ikiwa ya kwanza. Atakayeisoma huenda akawa muuguzi wa zamu ya usiku ambaye hajawahi kulisikia jina hilo, na mwenye kadi wakati huo huenda asiweze kuzungumza.